Mto Mwekundu wa Kandidusi

"Mto ukiwa mwekundu, shamba linaaga." Mmemsikia mzee Osmundi akisema hivyo pale darajani, mkacheka, mkasema mzee kazeeka, shamba gani lina mdomo. Haya, chekeni mmalize, kisha msogee. Msemo huo una mwenyewe, na mwenyewe aliununua kwa machozi.

Aliitwa Kandidusi Kinunda, wa hapa hapa Umatengo, na shamba lake ni mlima ule mnaouona una mawe matupu. Enzi zake hapakuwa na hata jiwe la kujikwaa. Alilima ngolo kama babu zenu. Mwanamume alifyeka nyasi, akazilaza mlimani miraba miraba. Mwanamke alifuata na jembe, akachimba katikati ya kila mraba, na udongo aliouchimba akazifunikia zile nyasi. Hapo yalibaki matuta ya kupanda maharage, na katikati yake mashimo. Mvua ikinyesha, maji yanatumbukia shimoni, yanatulia, ardhi inayanywa polepole. Nyasi nazo zinaoza chini, ndiyo mbolea. Mlima ulikuwa mkali kweli, lakini udongo ulikaa.

Ngolo ni kazi ya watu wawili. Kandidusi alilaza, mkewe Anagleta alifunika, na kutwa nzima walikuwa wakitaniana.

"Nyasi zako zimepinda kama miguu yako," mke anasema.

"Funika basi, watu wasione," mume anajibu.

Mwaka mmoja Anagleta akaanza kukaa. Alichimba kidogo, akakaa juu ya tuta, mkono kifuani. Kandidusi akamtania kwamba amerudi kuwa bibi harusi, naye akacheka. Jioni moja akamwambia mumewe, "Baba Skola, huyu mtoto afundishwe kushika jembe sasa." Kandidusi akasema, "Haraka ya nini? Si wewe upo?" Maharage hayajakomaa, Anagleta alijilaza mchana asiamke tena.

"Hakuniaga!" Kandidusi alilia msibani. "Jamani, mke wangu hata neno moja hakuniaga!" Watu walimshika, na wao wakilia.

Msimu uliofuata, Teofrida, mdogo wake marehemu, alikuja na jembe begani. "Shemeji, laza nyasi, mimi nitafunika. Skola anahitaji kula."

"Hapana," Kandidusi akasema. "Hapo alisimama dada yako. Jembe la mwingine halitaingia."

Kufunika mwenyewe nako hakuthubutu, maana mwanaume kushika kazi ile angechekwa kijiji kizima. Na yale mashimo, kila alipoyatazama, alimwona Anagleta ameinama ndani yake. Basi akayafukia yote. Akapiga matuta marefu yaliyonyooka kutoka kileleni mpaka mtoni, kazi ya mtu mmoja. Uchungu ulimtuma, wanangu, si uvivu. Lakini maji hayaulizi ulitumwa na nini.

Mwaka wa kwanza mahindi yalistawi, kwa sababu yalikuwa yakila akiba ya Anagleta. Ila mvua ilipopiga, maji yalipata njia katikati ya matuta, yakateremka mbio, na mto ukawa mwekundu. Wanawake walirudi na nguo chafu kuliko walivyozipeleka.

Teofrida akaja tena. "Shemeji, mto umekuwa mwekundu."

"Ni mvua za huko juu."

"Huko juu hakuna shamba ila lako."

Kandidusi akajifanya anafunga mbuzi.

Kila masika mto ulikuwa mwekundu, na kila mavuno debe lilipungua. Mawe yakaanza kuchungulia, moja hapa, moja kule. Kandidusi akayaviringisha pembeni, akaendelea. Chemchemi iliyokuwa chini ya shamba ikakauka, kwa kuwa hakuna maji yaliyobaki mlimani kuilisha. Skola, mtoto wa watu, akawa anakwenda kulala kwa uji mwepesi, na mwisho hata uji wenyewe ukawa wa kuomba.

Siku Teofrida alipokuja kumchukua mtoto, alimkuta Kandidusi shambani. Alikuwa akipiga jembe, na kila alipopiga lililia juu ya mwamba. Skola alisimama pembeni na kifurushi chake cha nguo.

"Shemeji," Kandidusi akasema bila kugeuka, "na shamba hili nalo limeniacha kama dada yako. Kimya kimya."

"Nani kakwambia kimya kimya?" Teofrida akafoka. "Lilikuaga kila mvua! Mto ulikuwa mwekundu mbele ya macho yako, ukasema ni mvua za juu."

Kandidusi akaweka jembe chini. Kisha akauliza, "Na Anagleta?"

Teofrida alikuwa analia. Naye Kandidusi akamwona tena mkewe juu ya tuta, mkono kifuani, akisema mtoto afundishwe jembe.

"Kumbe aliniaga," akasema. "Mimi ndiye sikuitika."

Skola aliondoka na mama yake mdogo, na hakurudi kukaa. Kandidusi alifyeka nyasi, akazilaza miraba, safari hii akafunika kwa mikono yake mwenyewe. Wanaume walicheka mpaka wakachoka. Lakini angefunikia nini? Udongo ulikwisha fika mbali, na maisha ya mtu mmoja hayatoshi kuurudisha.

Ndiyo maana kila mvua alikuwa akishuka darajani, mzee wa watu, ameloa, akimsimamisha kila apitaye, amwonyeshe maji. Wengine walimpisha kama kichaa. Baba yake Osmundi alisimama akamsikiliza, na shamba lake lipo mpaka leo.

Kwa hiyo kesho ikinyesha, pale mlipochekea, simameni mtazame maji yana rangi gani, kisha mpande mlimani mkaulize ni shamba la nani. Mto ukiwa mwekundu, shamba linaaga.