Firigisi ya Khaemba

Sogeeni, na anayetafuna ameze kwanza, maana kesi hii inataka akili yote.

Walikuwepo watu watatu wa hospitali moja. Nasambu alijaliwa jicho lisilochoka. Daktari Makokha alijaliwa mkono wenye kipimo. Fundi Opwora alijaliwa sikio: mashine ikikohoa jengo la pili, yeye keshashika bisibisi.

Na alikuwepo Khaemba, fundi baiskeli, mgonjwa wa moyo na mtu wa neno lake. Kabla ya kupasuliwa aliahidi: "Nikiamka, aliyeulinda moyo wangu atakula firigisi kwangu." Kwao firigisi ni ya mwenye nyumba, na haikatwi. Ukiikata, hujamheshimu yeyote.

Hakuogopa kisu. Aliambiwa moyo utasimamishwa, kisha damu irudishwe, na oksijeni inayorudi kwa kishindo huwa kali, ikazila seli za moyo. Hilo alilielewa upesi kuliko wenye digrii.

"Kutu," alisema. "Naijua. Hewa hiyohiyo hula baiskeli."

Nasambu ndiye aliyekaa maabara miaka saba akichungulia seli za moyo wa panya kwenye hadubini. Akaona kwamba zilizotangulia kupewa gesi ya usingizi hazikufa ovyo. Gesi huzichokoza kidogo, nazo hujifunga kibwebwe. Balaa lenyewe likija, linazikuta ziko macho. Asingeona yeye, nani angejua?

Makokha, daktari wa usingizi, ndiye aliyeyasoma maandishi yake. Wenzake walisema, "Mlaze kwa sindano, kama siku zote." Akakataa. Alikaa kando ya kichwa cha Khaemba kwa muda wa saa tano, akampimia gesi kabla moyo haujasimamishwa, isiwe kidogo ya bure wala nyingi ya kumshusha presha. Asingethubutu, maandishi yangebaki karatasi.

Na Opwora? Asubuhi ile alipita tu mlangoni, akasikia mashine ya usingizi ikinong'ona. Taa zote zilionyesha salama, lakini mpira wa kupitishia gesi ulikuwa na ufa. Akaubadilisha. Asingepita, gesi ingewalevya manesi, na Khaemba angeambulia harufu.

Mpasuaji mnamuuliza? Hali nyama. Alitumiwa mkungu wa ndizi, akashukuru.

Khaemba akapona. Jumapili moja wageni wakaja, kuku akaiva, na mkewe Nanjala akamwekea sahani ya firigisi mkononi. "Toa neno, Baba Simiyu. Ugali unapoa."

Khaemba akamtazama Nasambu. Mjomba wa Khaemba akakohoa. "Zamani mwanamke hakula firigisi."

"Zamani moyo ukisimama, umesimama," Khaemba akajibu. Mjomba akarudi kwenye mchuzi wake.

Lakini Nasambu alitikisa kichwa. "Mpe Makokha. Mimi nililinda seli za panya, yeye alilinda zako."

"Gesi ile ingetoroka yote," alisema Makokha. "Mpe Opwora."

Opwora akacheka kwa haya. "Mimi nilibadilisha mpira. Sikujua hata ni moyo wa nani."

Hapo machozi yalimlenga Khaemba, mtu mzima. Neno lake lilikuwa shingoni. Akimpa mmoja, amewanyima wawili waliomrudisha kwa wanawe. Asipompa yeyote, ahadi yake ilikuwa upepo.

Sahani ingali mkononi. Haya, ungekuwa wewe, ungempa nani? Na usiniambie uikate.