Siku Kangero Aliponyamaza

Akilia mbembeleze, akinyamaza mkimbize.

Leo mmemsikia muuguzi akiyasema maneno hayo pale kliniki, mkacheka kwa sababu yana vina. Wajukuu zangu, aliyeyasema mara ya kwanza hakuwa akitunga wimbo. Alikuwa mwanamke mwenye hasira, na mambo yalikuwa hivi.

Kule milimani Upare, katika kijiji cha Kisangire, alikuwako mwanamke aitwaye Nambua, mke wa Mbonea. Alikuwa mpole, mtu wa "ndiyo baba, ndiyo mama". Mtoto wake wa kwanza, Kangero, alikuwa na miezi saba.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na harusi. Naetwe, wifi yake Nambua, alikuwa anaolewa Jumamosi. Alhamisi, Kangero akaanza kuharisha na kutapika, mwili ukawa moto. Alilia siku hiyo, akalia Ijumaa kutwa. Nambua akaomba ruhusa ampeleke hospitali ya bondeni.

"Ni meno hayo," alisema mama mkwe.

"Wageni wanaingia," alisema baba mkwe, Mzee Sengondo. "Ukiondoka nani atapika?"

Mbonea, mumewe, alikuwapo. Alitazama chini. Nambua akasema "ndiyo baba", akamfunga mtoto mgongoni, akarudi kumenya ndizi. Kwa "ndiyo" ile hakujisamehe mpaka uzeeni.

Jumamosi asubuhi Kangero akanyamaza.

Nyumba nzima ikafurahi. "Si nilikwambia?" mama mkwe alisema. "Amepoa. Mlaze, uje uonje mchuzi." Wanawake wa jikoni wakapiga kigelegele kwa utani.

Nambua alikwenda kumlaza, lakini mikono yake ikakataa kumwachia. Akampa ziwa, midomo haikushika. Akamkamulia maziwa mdomoni, yakatoka pembeni. Macho yalikuwa nusu wazi na hayakumfuata. Utosi ulikuwa umebonyea. Alipomfinya ngozi ya tumbo, ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Nepi aliyomfunga alfajiri ilikuwa kavu.

Hapo ndipo ilipompanda hasira ambayo hakuwahi kuijua. Akatoka na mtoto mikononi, bila kanga ya kichwa, bila viatu.

Uani palikuwa na landrova ya chama cha ushirika, imefungwa maua mbele. Naetwe alikwisha kuketi ndani, tayari kwenda kanisani, na dereva Hemedi alikuwa anawasha injini. Nambua akaenda kusimama mbele ya gari.

"Toka hapo!" Mzee Sengondo alifoka. "Unaniaibisha mbele ya wakwe?"

"Aibu? Mjukuu wako anakufa, nawe unaangalia aibu?"

"Mtoto amelala, mwanamke!"

"Hajalala! Njoo umwamshe basi! Njoo hapa, baba, umwamshe mbele ya wakwe zako!"

Mbonea akajipenyeza katikati ya watu. "Nambua, subiri kidogo. Kanisani ni nusu saa tu, kisha gari litarudi."

"Wewe nyamaza. Siku mbili ulikuwa bubu, endelea na ububu wako. Hemedi, ama unanipakia, ama unanikanyaga."

Mlango wa gari ukafunguka. Naetwe akashuka na gauni lake jeupe, akamshika mtoto shavu. "Kangero," aliita. Akaita tena. Kisha akamgeukia dereva. "Teremka nao bondeni. Mimi nina miguu."

"Naetwe!" baba yake alipaza sauti.

"Nina miguu, baba."

Siku hiyo bibi harusi alikwenda kanisani akikanyaga vumbi, na wapo waliomcheka njia nzima.

Hospitalini daktari hakupoteza muda. Alitafuta mshipa mkononi, akaukosa, akautafuta kichwani, akatundika dripu. Ndipo akauliza, "Amenyamaza tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Wamesema amepona."

"Mtoto akipona hutafuta ziwa, hukojoa, hucheza. Huyu ameishiwa maji, mama. Amechoka hata kulia. Mngengoja mpaka jioni, nisingekuwa na la kufanya."

Nambua alikaa kwenye benchi, meno ameyauma, akitazama matone yakishuka. Siku ya pili Kangero alilia kwa sauti ya kukwaruza, naye akaufunika uso wake kwa mikono miwili.

Waliporudi nyumbani baada ya siku tano, majirani walijaa uani. Mama mkwe alikuwa amepika. Mzee Sengondo akasimama kuwashukuru waliokuja. "Mungu ni mkubwa," alisema. "Nasi tulijua mtoto atapona. Mkamwana wetu ana pupa tu."

Nambua hakuwa ameketi bado.

"Hamkujua," alisema. "Msiseme mlijua. Alipolia mlisema ni meno. Aliponyamaza mkapiga kigelegele! Mtoto anayelia bado ana nguvu za kuomba. Anayenyamaza na ziwa halitaki, nguvu hizo zimekwisha. Sikieni nyote, na waambieni na wasiokuwapo: akilia mbembeleze, akinyamaza mkimbize! Nami kuanzia leo, kwa mwanangu, siombi ruhusa ya mtu."

Mzee Sengondo aliketi polepole. Chakula kikapoa. Wengine waliondoka wakisema mwanamke yule amekosa adabu, lakini waliondoka na maneno yake. Wake zao wakayasema kisimani, wakayasema sokoni, wakawaambia binti zao waliojifungua.

Miaka mitatu baadaye, Naetwe alikuwa na mtoto wake mwenyewe, kijiji cha pili. Mtoto akashikwa na homa, akalia, kisha akalegea kimya. Watu wa kwa mumewe wakasema aachwe apumzike. Naetwe hakubishana nao. Alimfunga mgongoni, akashika njia ya kuteremka bondeni mbiombio. Mwanamke mmoja asiyemjua alikuwa akilima kando ya njia.

"Kulikoni, dada?" aliuliza.

Naetwe hakusimama. "Akilia mbembeleze," alisema.

Mwanamke yule akatupa jembe, akamkimbilia, akampokea mtoto ili waende wakipokezana.

"Akinyamaza mkimbize," alijibu.