Pampu Nyekundu ya Shimulgachhi

Mtu akiumwa na kitu, kwanza hutazama nje: nani amepita hapa, nani ana kijicho, mgeni gani amelala jirani. Wachache huvua shati na kulikung'uta. Ndiyo maana wazee wakatuachia usemi kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Katika kijiji cha Shimulgachhi, upande wa India wa ule uzio wa waya unaopakana na Bangladeshi, usemi huo haukueleweka mpaka kuni za kuchomea maiti zilipowashwa kando ya mto.

Gourhari Mondal alikuwa mkulima wa mpunga na juti ya kusuka magunia, na sauti yake ilikuwa nzito katika chama cha bendera ya kijani. Uani kwake palikuwa na pampu ya mkono aliyoichimbisha mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza, Nitai. Maji yake yalikuwa baridi hata jua la Baisakh, mwezi wa joto kali, lilipopasua udongo, na majirani waliyasifu. Nitai alikua pamoja na pampu hiyo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye maneno machache kuliko bata wake. Akigonga ulimi mara moja tu, bata wote walitoka bwawani wakimfuata kwa mstari.

Lakini kifuani mwake palikuwa na madoa meusi na meupe, kama matone ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, na viganja vyake vilijaa vinundu vigumu kama kunde chini ya ngozi. Wazazi wa mabinti walikuja kumwona, wakala peremende, wakatazama viganja, wakaaga. Hawakurudi. Mwishowe mdogo wake, Bolai, akaoa kabla yake.

Mke wa Bolai aliitwa Shefali. Alizaliwa ng'ambo ya uzio, huko Satkhira, akaletwa na mjomba wake akiwa msichana mkubwa. Harusi haijapoa, Bolai akapanda treni kwenda kusini Kerala kuchanganya zege, na Shefali akabaki na wakwe.

Siku ya karamu ya kumpokea, Nitai alinyoosha mkono kupokea sahani ya wali. Shefali alikiona kiganja, akashtuka hata mchuzi ukamwagika. Baadaye akamwuliza mavyaa wake, Hemlata, "Mama, pampu hii iliwahi kupimwa?"

"Pampu si mwari wa kuposwa," Hemlata akajibu. "Ipimwe nini?"

Kesho yake Shefali akabeba mtungi hadi shuleni, ng'ambo ya bwawa, kwenye bomba la kisima kirefu kilichochimbwa na serikali. Akawa anakunywa maji hayo peke yake. Hapo ndipo shaka ilipoingia nyumbani kwa Mondal, ikavua viatu na kuketi.

"Anapika, lakini maji ya wenzake hanywi," alisema Bi Khanto, jirani aliyejua habari za watu kabla yao. "Mimi sisemi kitu, Hemlata. Ila asiyekunywa maji ya mtungi wa nyumba anajua alichotia humo."

Neno lilimwingia Hemlata. Alisahau kuwa viganja vya mwanawe vilianza kuharibika miaka mingi kabla mkaza mwana hajavuka mlango wake. Shaka haina kalenda. Jioni ile alimkabili Shefali kando ya jiko.

"Kwa nini hunywi maji yetu?"

"Mama, kwetu pampu za hivi zilipimwa kijiji kizima, moja moja. Yenye sumu ilipakwa rangi nyekundu mdomoni, iliyo salama ikapakwa kijani. Hata mtoto asiyejua kusoma alijua anywe wapi. Mama yangu mdogo alikuwa na viganja kama vya Kaka."

"Yuko wapi sasa?"

"Alikufa, Mama."

Hemlata akarudi nyuma hatua moja. "Kumbe umetuletea maradhi ya kwenu."

Gourhari aliposimuliwa alicheka hadi akakohoa. "Watu wanaoogelea vitandani kila masika, hao ndio watufundishe maji? Nchi hii imerusha chombo hadi mwezini, mkaza mwana. Bangladeshi yote ukiikunja inaingia mfukoni mwetu."

Shefali alitamani kumwambia Nitai mwenyewe. Lakini kwao mke wa mdogo mtu hasemi na kaka wa mumewe. Hujifunika uso kwa upindo wa sari akapita ukutani kama kivuli. Kwa hiyo neno lake lililazimika kupita kwa watu walewale waliomshuku. Alimpigia Bolai simu.

"Usianze maneno," Bolai akasema, huku mashine ya zege ikinguruma nyuma yake. "Mama atalia, halafu nitalaumiwa mimi."

Tangu siku hiyo Hemlata akawa mlinzi. Maji ya Nitai aliyateka mwenyewe alfajiri, akayatia katika jagi la shaba, akalifunika kwa sahani na juu ya sahani akaweka jiwe. Alipokwenda kuoga alilibeba. Wali wa Nitai aliupakua yeye, samaki wake aliwachambua yeye. Shefali akikaribia, Hemlata alisogeza jagi nyuma ya goti lake.

Miezi kadhaa kabla ya uchaguzi wa baraza la kijiji, kuta tayari zilijaa bendera na majina. Poresh, jirani wa chama cha bendera nyekundu, alikuwa amemaliza kupaka ukuta wake, na mkewe akampa Shefali rangi iliyobaki bila kuuliza ya nini. Kesho yake mdomo wa pampu ya Gourhari ulikuwa mwekundu kama kidonda.

Gourhari hakuwa ameiona. Alikwenda kwenye kibanda cha chai kama kawaida, akawakuta watu wamenyamaza kwa namna ya watu waliotoka kucheka.

"Karibu, Kaka Gour," Poresh akasema, akimsogezea benchi. "Sisi tulijua utakuja tu. Kiti chako tumekutunzia tangu enzi za baba yako."

"Kiti gani?"

"Nenda kaulize pampu yako. Imeshahama chama, imekuacha wewe nyuma."

Kicheko kikamfuata njiani hadi nyumbani. Gourhari hakumpiga mkaza mwana, hakumtukana. Alileta kopo la rangi ya chama chake, akaipaka pampu yote kijani, kuanzia mpini hadi mdomo, kisha akarudia. Shefali alisimama mlangoni, akauma upindo wa sari yake. Huko alikozaliwa, rangi hiyo ilisema: kunywa, usiogope.

Kijijini maneno yakazidi. Mmoja alisema msichana ametumwa na Poresh. Mwingine alisema ametumwa na watu wa mbali zaidi, wa ng'ambo, wanaotaka tuviache visima vyetu ili waje kuvichukua wao. Hemlata akafunga jiko kwa kufuli. "Bolai akirudi," alimwambia, "utarudi ulikotoka."

Ndipo Shefali alipovunja desturi. Nitai alikuwa shambani, kwenye shimo la maji, akiosha juti iliyoloweka, maji yamemfika kiunoni. Shefali alikwenda na kopo la maji ya shuleni, akasimama ukingoni, akaufunua uso wake mchana kweupe.

"Kaka, nisamehe. Sina wa kunisemea."

Nitai aligeuza macho pembeni kwa haya, akatazama juti mikononi mwake. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kana kwamba anaiuliza juti, "Kwenu walijuaje?"

"Walifiwa na wengi kwanza."

"Basi sisi tumebakiza kufiwa tu," akasema. Alipanda ukingoni, akanywa kopo lote. "Hayana ladha. Maji yetu yana utamu wa chuma."

"Ndiyo, Kaka."

"Usimwambie Mama nimeyasifu ya shule."

Kwa muda alikunywa kutoka kopo hilo kila alipokuwa shambani. Lakini Bi Khanto alikuwa na macho, na macho yake yalikuwa na miguu. Hemlata alifika shambani akihema, akalipiga kopo likaruka hadi kwenye matope.

"Unamnywesha nini mwanangu?"

"Ni maji, Mama," Nitai akasema.

"Ya nani? Nimekunyonyesha mimi, nimekuchotea mimi. Kuanzia leo sitii tonge kinywani mpaka unywe kutoka mkononi mwangu."

Na kweli alifunga. Siku ya pili Nitai alimkuta ameketi kando ya jagi, midomo imemkauka. Alikuwa mtu asiyeweza kumtazama hata bata akiwa na njaa. Aliondoa jiwe, akaondoa sahani, akanywa, na mama yake akala. Shefali aliyaona hayo kupitia ufa wa mlango.

Mvua zilipoisha tumbo la Nitai lilivimba, macho yakawa manjano kama manjano ya mchuzi. Wakampeleka hospitali ya wilaya. Daktari alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye foleni ndefu. Alikigeuza kiganja cha Nitai, akakitazama. Kisha akamwambia Hemlata, "Na wewe, mama, fungua mkono."

Hemlata akafungua. Kunde zilezile zilikuwepo, ndogo zaidi, ambazo siku zote alizidhani sugu za mchi. Daktari akaiweka mikono miwili pamoja, wa mama na wa mwana.

"Mnachota maji wapi?"

"Uani kwetu, kwenye pampu," Hemlata akasema.

Maji ya pampu yalipopimwa yalikutwa na sumu ya ardhini, ile isiyo na rangi wala harufu. Daktari alisema waliowahi kuacha kuyanywa huenda wakapona. Ini la Nitai, alisema, halikungoja.

Alikufa majira ya mchele mpya, wakati nyumba zote zinanukia sukari ya mtende. Bata walipanda kutoka bwawani jioni, wakasimama uani, hakuna aliyegonga ulimi.

Siku ya matanga walikuja watu wengi, wakiwemo wakubwa wa chama. Bolai alikuwa amerudi, kichwa kimenyolewa kama cha baba yake. Mgeni mmoja akaomba maji, na mpishi akashika mpini wa pampu.

"Acha," Gourhari akasema.

Aliinuka na shuka yake nyeupe ya msiba, akavuka ua hadi alipoketi Poresh. "Ile rangi yenu imebaki?"

Poresh alimtazama. Ilikuwa nafasi ya mzaha ambao angeusimulia maisha yake yote. "Imebaki, Kaka," akasema, akaenda kuileta.

Gourhari akapaka mdomo wa pampu mbele ya watu wote. Rangi nyingine ikamdondokea miguuni. Mwenyekiti wa chama akamsogelea sikioni. "Mzee, uchaguzi ni Jumapili hii. Watu wataelewaje?"

"Wataelewa kuwa maji yake hayanywewi," Gourhari akasema. "Na ninyi mna pampu majumbani. Kazipimeni, kisha mje tujadili rangi."

Hemlata alikuwa ameketi ukutani, jagi la shaba mapajani. Aliinuka, akalipeleka kwa Shefali. Jiwe bado lilikuwa juu ya sahani.

"Nilikuwa naliweka hili jiwe," akasema. "Nilihofu usije ukatia kitu."

"Najua, Mama."

"Kila tone alilokunywa nilimpa mimi. Nilikesha nikililinda."

Shefali hakumfariji kwa uongo. Alilitoa jiwe akaliweka chini, akamwaga maji yale mbali na mzizi wa mpapai, kisha akatwaa mtungi wake kiunoni. "Wageni wana kiu, Mama. Twende shuleni."

Wakatoka uani, mkaza mwana mbele na mavyaa nyuma, mbele ya macho ya kijiji kizima. Hemlata hakuijua vizuri njia ile, maana hakuwahi kuifuata. Alimfuata binti wa ng'ambo hatua kwa hatua, bata nao wakijikokota nyuma yao. Muda wote ule alikuwa amekodolea macho uzio na watu wa nyuma yake, na sumu ilikuwa uani kwake, katika maji aliyoyateka kwa mkono wake mwenyewe. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.