Herufi Nene za Kabula

Hapo zamani, pamba ilipokuwa ikilimwa hadi milangoni mwa nyumba, palikuwa na mchora mabango aitwaye Kabula. Herufi za wachoraji wenzake zilikuwa nyembamba, zenye pembe. Kabula akabuni za kwake: nene, za mviringo, zisizo na ncha hata moja, zimeumuka kama maandazi. Alizichora mwaka mzima, kisha akazitoboa moja moja kwenye vipande vya bati, ili yeyote mwenye brashi na rangi aweze kuzipaka.

Watu walizipenda. Zikapakwa kwenye duka la mikate, zikapakwa kwenye kliniki ya watoto. Na katika ghala la kijiji, mtunza ghala Shija alizipaka kwenye kila gunia la chakula: UNGA. Hata wasiojua kusoma walizitambua kwa umbo. Wakiona herufi nene kwenye gunia, walijua hapo pana kitu cha kula.

Mwaka mmoja ghala likaletewa dawa ya kuua wadudu wa pamba, nyeupe, laini, ndani ya magunia yasiyo na maandishi. Shija akaenda kwa Kabula kuomba herufi nyingine, zenye makali, za kutisha. Kabula akakataa. Akamwambia kwamba herufi zake zinasomeka kwa mbali kuliko zote, na zinaweza kuandika neno lolote. Shija akarudi na mabati yale yale, akapaka: SUMU.

Siku ya mgao wa unga Shija alishikwa na homa. Akampa ufunguo wa ghala jirani yake, Holo, akamwambia akajipimie mwenyewe. Holo hakujua kusoma. Aliona herufi nne, nene, za mviringo, akachota. Mchana akampikia mumewe, Ngasa, ugali, akamtengea, na yeye mwenyewe, kabla ya kula, akatoka kunywesha mbuzi. Aliporudi, Ngasa alikuwa ameanguka kando ya sahani. Jioni haikumkuta hai.

Matanga yalipokwisha, kaka wa marehemu, Masalu, aliwaita Kabula, Shija na Holo.

"Sitaki kesi," alisema. "Nataka mtu mmoja asimame kaburini amwombe ndugu yangu radhi. Mmoja tu. Mkienda watatu, kila mmoja atarudi nyumbani akiamini kosa ni la mwenzake."

Kabula akainuka.

"Ni mimi. Niliombwa herufi za kutisha, nikaona nimedharauliwa. Nilizipa herufi zangu sura ya chakula, halafu nikaziruhusu ziandike kifo."

Shija akasema, "Hapana. Kabula hakuwahi kuingia ghalani. Mimi ndiye niliyeona magunia yanafanana. Nilijua Holo hasomi, na ufunguo ulitoka mkononi mwangu."

Holo akasema huku akiitazama mikono yake.

"Mwalimu wa kisomo aliniita misimu mitatu, nikamwambia nimezeeka. Na siku ile harufu niliisikia. Nikadhani ni ya gunia jipya. Mimi ndiye niliyemtengea. Mume wangu ataombwa radhi na nani, kama si mimi?"

Masalu aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, akashindwa kutaja jina. Akatoka nje, akakaa peke yake.

Nanyi mlionisikiliza, msinijibu kwa haraka. Je, kati ya Kabula, Shija na Holo, nani alistahili kusimama kaburini?