Pole ya Bega la Nguchiro

— Hodi, hodi, wenye nyumba!
— Nani huyo?
— Ngano.
— Ingia, ufunge mlango, njaa isikufuate!

Haya, imeingia. Sogeeni, na wewe unayekoroma amka, sirudii.

Alikuwapo Nguchiro, mnyama mdogo mwenye mkia mrefu na ulimi mrefu zaidi. Na alikuwapo jirani yake, Ngiri, mwenye shingo nene na tumbo lisilojua kushiba. Kila mwaka wanyama walishindana kurusha jiwe, na mshindi alikabidhiwa bonde la viazi vitamu alitunze mpaka mwaka unaofuata. Kila mwaka alishinda Ngiri, na bonde alilitunza tumboni. Wenzake walipata maganda, tena kwa kuomba.

Mwaka huo Nguchiro akasema, "Maganda sili tena." Akaanza mazoezi. Asubuhi jiwe, pu! Mchana jiwe, pu! Jioni jiwe, pu! Kupumzika hataki, ana kiburi chake. Siku ya kumi na mbili, hata jiwe halijatoka mkononi, kikasikika kitu kingine: kwachu! Bega la kulia limeteguka.

"Uwiii! Mama yangu!"

Akaitwa Bi Kobe, mkandaji, akaja na mafuta yake ya nyonyo. Akavuta, akazungusha, akasukuma. Kku! Bega likarudi mahali pake.

"Shikamoo, bibi, na ahsante," Nguchiro akasema huku machozi yanamtoka. "Zimebaki siku kumi kufika mashindano. Nitarusha?"

"Siku tisa usinyanyue kitu. Weka vidole ukutani, vipande juu kama buibui. Leo kidogo, kesho kidogo zaidi. Bega halitaki papara, mjukuu wangu. Dawa yake ni pole pole."

Ngiri alikuwa nje ya dirisha, sikio limesimama. Akasikia, "Pole, pole." Akaruka kwa furaha. Kumbe dawa ya bega ni pole!

Na pole ya kwao, jamani, haikuwa neno tupu. Kumpa mgonjwa pole ilikuwa kumpelekea chakula. Ngiri akajiambia, "Kama pole inaponya bega bovu, bega zima italifanyaje? Mwaka huu jiwe langu litatoboa wingu!"

Kesho yake akaja Kanga na kikapu cha viazi vya kuchemsha. "Pole, shoga yangu."

Kabla shoga hajaitikia, Ngiri huyo mlangoni, mdomo kikapuni. Tafu, tafu, tafu!

Nguchiro alitamani kumng'ata pua. Lakini mkono mmoja umefungwa, na Ngiri ni Ngiri. Njaa ilimuuma kuliko bega. Akafikiri kidogo, kisha akauliza kwa sauti tamu:

"Kaka Ngiri, pole hii ya nani?"

"Yangu!"

"Yote?"

"Yote!"

"Kanga, umesikia?"

"Nimesikia, shoga."

Siku ya pili akaja Digidigi na chungu cha uji wa mtama. Ngiri huyo. Fyoo, fyoo, fyoo!

"Kaka Ngiri, pole hii ya nani?"

"Yangu!"

"Yote?"

"Yote!"

"Digidigi, umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Ikawa hivyo siku tisa. Na Nguchiro? Alikamata panzi kwa mkono wa kushoto, akaota jua, akalala mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu aanze mazoezi. Akaona raha. Vidole vyake vilipanda ukuta: leo vimefika kwenye ufa, kesho kwenye kiota cha nyigu, siku ya tisa vikagusa paa. Alicheka peke yake.

Siku ya kumi wakakusanyika bondeni.

"Sheria ni moja," akasema Bi Kobe. "Mgonjwa harushi jiwe. Nguchiro, kaa pembeni."

Ngiri akacheka mpaka akapaliwa.

"Sawa, bibi," Nguchiro akasema. "Ila mgonjwa ni nani?"

"Mwenye kupewa pole."

"Basi waulizwe walioileta."

"Ngiri alisema ni yake!" akasema Kanga.

"Tena yote!" akasema Digidigi.

Bi Kobe akamgeukia Ngiri taratibu. "Mwanangu, ile pole ilikuwa yako? Kama si yako, umeiba chakula cha mgonjwa, na bonde hili hutalikanyaga tena. Kama ni yako, basi bega linakuuma."

Ngiri akatazama bonde. Akatazama wenzake, wameanza kuokota fimbo.

"Uwii," akasema. "Bega langu."

"La kulia au la kushoto?"

"Yote!"

Akafungwa vitambaa mabega yote mawili. Wengine wakarusha, lakini hawakuwa wamefanya mazoezi hata siku moja, maana walijua Ngiri atashinda. Jiwe la Kanga liliangukia nyuma yake. La Digidigi lilimwangukia mwenyewe mguuni. Nguchiro, ambaye hakupewa pole hata moja na hivyo si mgonjwa, akarusha bila papara. Pu! Hatua saba tu, na bega halikulia. Furaha ilimjaa mpaka akakaa chini.

Bonde likawa lake, akaliacha wazi kwa kila mwenye njaa. Jioni akampelekea Ngiri kikapu kimejaa viazi, moshi unatoka.

"Pole, kaka. Pole hii ya nani?"

Mate yalimtoka Ngiri, lakini alikumbuka. "Si yangu!"

"Yote?"

"Yote! Sitaki hata kimoja!"

"Haya," akasema Nguchiro. Akaketi papo hapo mlangoni, akala vyote, kwa mkono wa kulia.

Funzo lake ni hili, wajukuu: msiwe wajanja. Mjanja huishia kula viazi mwaka mzima na kulala mchana, na hayo si maisha. Na mazoezi msifanye, yanavunja bega.

— Ngano inatoka, aliyekaa mlangoni aipishe!
— Ipite salama, ila kikapu ikiache!