Ngalawa Iendayo Kushoto

Hapo zamani, na nasema zamani ili msije mkaniuliza mwaka, katika kijiji cha Mtundani palikuwa na mtoto wa miaka minne aliyeitwa Machano. Wewe wa nyuma, acha kukohoa. Hadithi hii ni nzito kuisimulia, na nataka niimalize.

Baba yake Machano alisafiri kwenda Rufiji kuchukua boriti. Kabla ya kuondoka alimchongea mwanawe ngalawa ya kuchezea, ya kubebwa kwa mikono miwili. Hakuwa fundi, jamani. Ngalawa huwa na mirengu, zile mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, na yeye mrengu wa kushoto aliufanya mnene kuliko wa kulia. Basi ngalawa ikitiwa majini inakwenda kushoto, kushoto, mpaka inazunguka. Tanga alilikata kwenye pembe ya kikoi alichokivaa. Akamwambia mtoto, "Hii ikielea, na mie naelea. Itunze."

Ulikuwa mzaha tu. Lakini mtoto wa miaka minne atajuaje mzaha wa wakubwa?

Siku moja, akiichezea pwani, kamba ya kuivutia ikamponyoka, maji yakaichukua ngalawa. Machano hakulia. Alirudi nyumbani, akapanda kitandani, akageukia ukuta. Uji, hataki. Samaki, hataki. Tende, hataki. Mama yake, Mboja, alikuwa hakai wala hasimami. Majirani wakaleta ngalawa: ya kifuu cha nazi, ya kumbi lake, na moja ya rangi nyekundu ambayo hata wewe mtu mzima ungeitamani. Kila moja Machano aliitazama, akasema, "Siyo," akageukia ukuta.

Mboja akatoka uani, akasema mbele ya watu, "Jamani, mwanangu anakwisha huku namwona. Atakayempatia ngalawa akarudi kula, Machano ni mwanawe kama alivyo wangu. Na baba yake asiporejea, huyo ndiye atakayesimama mahali pake."

Wa kwanza alikuwa Mwanakombo, dada wa baba yake, ambaye Mungu hakumjaalia mtoto. Yeye hakuleta ngalawa. Alipanda kitandani, akalala ubavuni mwa Machano, naye akageukia ukuta. Wakautazama ukuta wote wawili, asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mwishowe mtoto akanong'ona, "Shangazi, nimemzamisha baba."

Hapo ndipo watu walipoelewa. Walikuwa wakimtafutia ngalawa nzuri, na mtoto alikuwa anaitaka ile ile.

Wa pili alikuwa Fundi Ussi, mchongaji wa ngalawa za kweli, asiye na mtoto wa kumrithisha tezo lake la kuchongea. Alichukua kipande cha msufi akachonga ngalawa mbovu. Ndiyo, mbovu, kwa makusudi! Mrengu wa kushoto akauacha mnene. Wavuvi walipita wakamcheka, "Fundi, macho yamekuishia?" Akaendelea kuchonga. Mtu ambaye kazi yake haijapata kupinda hata siku moja, aliipinda huku anaona haya. Ila tanga hakuwa nalo.

Wa tatu alikuwa Bi Mtumwa, mjane aliyeishi peke yake. Alikuwa mikokoni akitafuta kaa, akaikuta ngalawa yenyewe imenasa kwenye mizizi, imepasuka katikati. Alichomoa tanga, akalitia kifuani. Mbao akazipeleka kwake, akazitia mekoni, akachemshia chai. Tanga akampelekea Fundi Ussi.

"Na ngalawa yenyewe iko wapi, Bi Mtumwa?" Fundi akauliza.

"Sijaiona," akasema.

Ngalawa ikaletwa. Machano alilinusa tanga kwanza. Kisha akaenda kuitia majini penye kina cha vifundo vya miguu, na watu wote nyuma yake, hakuna anayethubutu kupumua. Ngalawa ikaenda kushoto. Kushoto. Ikazunguka.

"Ndiyo yenyewe!" akapiga kelele. "Baba anaelea!"

Siku hiyo alikula uji mpaka akakwaruza bakuli. Kesho yake wale watatu wakaketi mkekani kwa Mboja, na mtoto yuko nje anacheza.

"Wifi," akasema Mwanakombo, "mtoto ni wangu. Nisingelala naye, nani angejua anaumwa nini?"

"Kujua si kutenda," akasema Fundi Ussi. "Mimi nimechekwa pwani nzima kwa ajili yake. Kinachoelea pale ni kazi ya mikono yangu."

Bi Mtumwa akainua uso. "Kinachoelea pale ni uongo, na uongo huo nimeubeba mimi. Ile ya baba yake ilipasuka. Nimeichoma kwa mkono wangu ili asiione. Nyinyi mnalala. Mie silali."

Mboja akashika kifua. "Ilipasuka?"

Hawajamjibu, mtu akapiga hodi. Alikuwa nahodha wa chombo cha boriti. Aliingia kofia mkononi, na kwenye mkono wa pili alikuwa na kikoi kilichokunjwa. Mboja alikikunjua. Kikoi kilikuwa hakina pembe moja. Ndicho alichokivaa baba yake Machano, na nahodha amekirudisha bila mwenyewe.

Kutoka nje ikaja sauti ya Machano, "Mama! Njoo uone! Bado inaelea!"

Mboja alikikunja tena kikoi, akakipakata. Akawatazama wale watatu. Na wale waliokuwa wakigombania mtoto muda si mrefu, kila mmoja alikuwa anautazama mkeka.

Haya, msiutazame mkeka na nyinyi. Ahadi ni ile ile, atakayesimama mahali pa baba ni mmoja tu. Mtajeni, lakini mkumbuke kwamba mtakayemtaja ndiye atakayetoka nje sasa hivi kwenda kwa mtoto. Je, nani alistahili?