Namba Nane Ndani ya Ukungu

Hapo zamani, na msidhani ni ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, lami ipo na malori yapo, palikuwa na watu tisa wa Mbeya waliokuwa wakijiandaa kwa mbio za jiji.

Wanariadha? Wapi! Watu wa kawaida, wenye vitambi na magoti yanayolia. Mbio za jiji zilikuwa na kilomita arobaini na mbili kwa wenye mapafu ya chuma, na ishirini na moja kwa watu kama hawa. Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi walikutana, wakajinyoosha, wakaanza kukimbia pembeni mwa barabara kuu iendayo Tunduma. Mnaijua barabara ile. Malori hayakatiki, na asubuhi ukungu unashuka mzito, ukinyoosha mkono huvioni vidole vyako.

Kwa ajili ya ukungu huo walijiwekea desturi. Kila mtu alikuwa na namba. Kila walipofika kwenye kalavati, pale maji ya mvua yanapopita chini ya barabara, filimbi ililia na kila mmoja akaitika namba yake bila kusimama. Moja! Mbili! Tatu! Mpaka tisa. Macho hayaoni, basi masikio yahesabu.

Wanne kati yao ndio wanaotuhusu, wengine waacheni wapumue. Moja alikuwa Mwalimu Lugano, mstaafu, mwenye filimbi shingoni na mdomo mkali kuliko filimbi. Saba alikuwa Ambakisye, fundi redio, mtu mpole asiyejua kumwambia mtu hapana. Nane alikuwa Subilaga, mshonaji wa sare za shule, aliyekaa kwenye cherehani miaka kumi na tano mpaka miguu ikaanza kuvimba. Tisa alikuwa Mama Tumpe, muuza viazi sokoni. Yeye alifunga mkia, na sheria ya mfunga mkia ni moja tu: hampiti mtu.

Palikuwa na desturi ya pili. Ishikeni vizuri, maana ndiyo itakayotugombanisha hapa. Mtu akiumia kabla ya mbio, namba yake ya kifuani haitupwi. Humpa mwenzake mmoja, naye huibandika mgongoni na kuikimbia. Na huyo aliyeikimbia ndiye anayeshika filimbi mwaka unaofuata. Akipuliza, watu wanaitika. Akisema twende, watu wanaingia ukunguni nyuma yake.

Basi Subilaga alikuwa na hofu. Nasema hofu, si wasiwasi. Aliyaogopa malori hadi kila Ijumaa jioni aliomba Jumamosi isifike. Lakini kulikuwa na kitu alichokiogopa zaidi ya malori, nacho ni kalamu ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba asiyesikika kwenye hesabu mara mbili anafutwa kwenye orodha ya mbio. Subilaga alikuwa tayari na kosa moja. Siku ile alibaki nyuma akifunga kamba za raba, na Mwalimu akamsema mbele ya watu wote kama mtoto wa darasa la tatu.

Jumamosi iliyofuata, walipokuwa wakinyoosha viungo, alimvuta Ambakisye pembeni.

"Kaka Amba, nisaidie. Nikibaki nyuma hatua mbili tatu, niitikie nane."

"Dada Subi, hiyo si hatari?"

"Hatari gani? Mama Tumpe si yuko nyuma yangu? Niitikie tu, nisifutwe. Wanangu nimewaambia nitamaliza."

Ambakisye akakuna kichwa. Hapana haikutoka. Akakubali.

Wakaondoka. Kalavati la kwanza, filimbi ikalia, namba tisa zikaitika. Kalavati la pili, filimbi ikalia, namba tisa zikaitika. Subilaga alikuwa ameanza kuchoka. Akapunguza mwendo. Wanasema mwenda pole hajikwai. Aliyesema hivyo hakuwahi kukimbia barabara ya Tunduma. Mbele kidogo ya kalavati la pili mfuniko mmoja wa mtaro ulikuwa umeibiwa, na mguu wa kulia wa Subilaga uliingia mzima kwenye shimo. Ka! Kifundo kikageuka, raba ikanasa kati ya zege na nondo, na yeye akaanguka kifudifudi, mguu ndani ya mtaro, kifua na kichwa juu ya lami.

Pumzi ilikata. Alijaribu kupiga kelele, hakuna kilichotoka.

Akasikia hatua nzito nyuma yake. Mama Tumpe! Moyo ukamrudi. Akakusanya pumzi kidogo aliyokuwa nayo, akaita, "Mama..."

Hatua zikasimama. Zilisimama karibu sana, angenyoosha mkono angemgusa. Akaita tena, sauti ikatoka kama mkoromo, "Ma..."

Halafu zile hatua zikaondoka mbio. Mama Tumpe, ambaye hajawahi kukimbia mbio tangu azaliwe, alikimbia kama anafukuzwa. Maana pale pale, mwaka uliotangulia, lori lilimgonga mama mmoja akafa, na watu wakaanza kusema kwamba asubuhi za ukungu anaita. Na kwetu mnajua: ukiitwa na sauti usiyemwona mwenyewe, usiitike, usigeuke.

Subilaga akabaki peke yake. Akavuta mguu, ukagoma. Akavuta tena, maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Akajituliza. Kalavati la tatu haliko mbali, alijiambia, wakifika pale watahesabu, nane haitaitika, Mwalimu atasimama, watarudi. Akasubiri. Filimbi ikalia mbele huko, nyembamba, ndani ya ukungu.

"Moja!" "Mbili!" "Tatu!" "Nne!" "Tano!" "Sita!" "Saba!"

Kimya kidogo.

"Nane!"

"Tisa!"

Jamani. Mmewahi kusikia mnaitika wenyewe mahali msipokuwepo? Subilaga alijua mara moja ni nani aliyeitika, na alijua ni nani aliyeomba. Alikuwa amekiomba kifo chake kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ya kubembeleza. Hatua za wenzake zikafifia, zikaisha.

Hapo ndipo lori la kwanza lilipokuja. Aliliona kwanza kwa kifua, lami ikitetemeka chini ya mbavu zake. Likapita upande wa pili, upepo wake ukamjaza mchanga mdomoni. Akakumbuka shimo. Hatua chache kutoka alipolala palikuwa na shimo kubwa katikati ya barabara, na kila dereva wa njia ile anajua kulikwepa. Analikwepa kwa kupanda pembeni. Pembeni ndipo palipokuwa na kichwa cha Subilaga.

Lori la pili lilikuja upande wake. Taa mbili za njano ndani ya ukungu, zikasogea, zikainama kuja pembeni. Akajikunja, akaficha uso kwa mikono kama mtoto. Gurudumu likapita karibu hata likakanyaga pindo la koti lake, likalichana. Mkojo ukamtoka. Simcheki, na ninyi msimcheke. Akalia kwa sauti sasa, akaapa mbele ya Mungu: "Atakayenitoa hapa, namba yangu ni yake!"

Tuyaache malori, twende mbele kwenye kalavati la nne. Hapo ndipo walipozoea kusimama, kunywa maji na kugeuza. Walisimama nane.

"Subilaga yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

Watu wakatazamana.

"Ameitika sasa hivi tu. Amechoka huyo, ameona haya, amegeuza kurudi nyumbani," Mwalimu akasema. "Bila kuaga! Leo namfuta."

Akatoa kalamu mfukoni. Angefuta, na wangeendelea kunywa maji, na mimi nisingekuwa na hadithi, ningekuwa na msiba. Ambakisye alijua akisema anafukuzwa klabu. Alijua pia kwamba kila funda la maji wanalokunywa linampunguzia Subilaga muda.

"Mwalimu, hakuitika yeye. Niliitika mimi. Kalavati la tatu, nane ilikuwa sauti yangu. Nilimsikia mara ya mwisho kalavati la pili."

Mwalimu alimshika ukosi. Lakini kabla hajasema neno, Mama Tumpe alipiga ukunga.

"Yesu wangu! Basi ile sauti ilikuwa yake! Nilikimbia, kisha nikasikia nane imeitika mbele, nikasema yule aliyeita chini si mtu! Kwenye mfuniko ulioibiwa, pale pale! Nimemwacha mtoto wa watu!"

Na yeye, mzito kuliko wote, akawa wa kwanza kugeuka. Alikimbia akilia, akaita jina la Subilaga njia nzima, na sasa sauti ilipojibu kutoka chini ya ukungu hakuiogopa. Akalala kifudifudi kwenye lami kando yake, akatia mkono mtaroni hadi begani, akaanza kung'ang'ania kamba za raba.

"Mama, lori," Subilaga alisema. "Mama, lori linakuja!"

"Nimelisikia. Tulia."

Lami ilikuwa inatetemeka tayari. Mama Tumpe hakutoa mkono. Na hapo Mwalimu Lugano, mzee wa miaka sitini na miwili, akafika, akawapita, akaenda mbele yao hatua ishirini, akasimama katikati ya barabara kuu. Akanyoosha mikono, akapuliza filimbi. Taa zikatokea. Akapuliza. Taa zikakua. Hakusogea. Breki zikalia kama ng'ombe anayechinjwa, na lori likasimama bampa imemgusa kifungo cha shati.

Raba ikabaki mtaroni, mguu ukatoka. Mama Tumpe akambeba Subilaga mgongoni kama mtoto mchanga mpaka nje ya lami. Dereva wa lori aliteremka, akakaa chini.

Kifundo kilikuwa kimevunjika. Mbio zilikuwa zimebaki wiki mbili. Subilaga akafungwa plasta, akalazwa kitandani kwake, na kila lori lililopita mbali alilisikia ndani ya mbavu. Siku moja kabla ya mbio, watatu wale, waliokwishasikia kiapo chake, walikuja. Namba ya kifuani ilikuwa juu ya mapaja yake.

Mwalimu akaanza. "Niliposimama mbele ya lori sikuwa na ngao. Nilikuwa na filimbi na kifua. Lile lori lisingesimama, leo wenzetu wangekuwa wametoka kuzika watatu. Namba ni yangu, na filimbi ibaki ilipo."

"Ndaga, Mwalimu, ahsante, lakini subiri," Mama Tumpe akasema. "Ulilisimamisha lori ukimlinda nani? Aliyeshika mguu ni nani? Lori lilikuwa linakuja na mimi nimelala pale pale alipolala. Na bila mimi mngemtafuta wapi, kilomita mbili za ukungu? Namba ni yangu."

Ambakisye alisema kwa sauti ndogo, akiwa ameinamisha kichwa. "Nyote mlikimbia kwa sababu nilisema. Mwalimu alikuwa ameshatoa kalamu. Ninyi mliogopa lori, na lori likipita limepita. Mimi nilijivua nguo mbele ya watu, na mpaka leo sokoni wananiita Nane. Bila neno langu asingekuwepo wa kuokolewa."

"Neno lako!" Mwalimu akafoka. "Neno lako la kwanza lilikuwa uongo! Njia ya mwongo ni fupi, na fupi hiyo ilikaribia kuwa ya mwenzio. Utashikaje filimbi, wewe unayehesabu watu wasiokuwepo?"

"Na sheria yako, Mwalimu?" Ambakisye akainua uso. "Nani alitufanya tuogope kusema tumechoka? Asingeogopa kalamu yako hivyo, angeniomba?"

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Sheria ile niliiweka msife."

"Na mimi," Mama Tumpe akasema, macho yamejaa machozi, "msinizunguke, semeni. Aliniita mama mara mbili, nikakimbia. Najua. Kila nikifumba macho anaita. Ndiyo maana siwezi kuikimbia tena sauti yoyote."

Halafu Mwalimu akamgeukia mgonjwa. "Na wewe, Subilaga, uliyemwomba mwenzio aseme uongo, unatuhukumu kwa mamlaka gani?"

Lakini kiapo ni kiapo, na namba ilikuwa moja. Nje walikuwa wamesimama wale watano wengine, wameacha kuongea, wanasikiliza dirishani, maana maisha yao pia yalikuwa kwenye kile kikaratasi. Subilaga akaishika namba kwa mikono miwili, akainua macho.

Akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Yule aliyedanganya, kisha akakiri mbele ya watu. Yule aliyekimbia, kisha akarudi akalala kwenye lami. Yule ambaye ukali wake ulizaa uongo, kisha akalikabili lori kwa kifua.

Mimi nimefika hapo. Nawaona wengine mnafungua midomo kusema wagawane. Namba haigawanyiki, na filimbi inavaliwa na shingo moja. Msinijibu mkiwa mmekaa raha hivyo na chai mkononi. Jibuni kama mtu aliyenasa mguu mtaroni, ukungu umefunga, lami inatetemeka chini ya mbavu zake: ungetaka filimbi iwe shingoni mwa nani?